Mnyauko Katika Shamba la Mfano

Kama kuna mtu katika vijiji vinavyoizunguka Kamachumu ambaye hajawahi kumwona Damian Kahigi akichoma panga, basi mtu huyo alikuwa safarini, au amezaliwa juzi. Damian ni bwana shamba wa kata kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na tangu ugonjwa wa mnyauko ulipoanza kuitafuna migomba ya Muleba, elimu yake yote imekusanyika katika onyesho moja la nusu saa.

Onyesho lilikwenda hivi. Aliwasha moto wa kuni mbele ya watu. Akalaza panga lake juu ya makaa, akanyamaza. Alipenda sana kunyamaza kule. Chuma kilipoanza kubadilika rangi alilinyanyua, akasema kwa sauti ya mikutano, ambayo siyo sauti anayotumia nyumbani, "Panga moja, moto mmoja, shina moja!" Kisha aliuendea mgomba mgonjwa ulioandaliwa na kamati ya kijiji, akaukata kwa pigo moja. Ute wa njano ukachuruzika. Wanawake wakaguna, wanaume wakatikisa vichwa. "Huyo ndiye adui!" alisema Damian, na hapo makofi yakapigwa. Alilifuta panga kwa jani kavu, akalirudisha kwenye ala yake ya ngozi ya ng'ombe, akasindikizwa kwenda kunywa rubisi, pombe ya ndizi, kwa mwenyekiti.

Alipokuwa mkweli kwa nafsi yake, jambo lililomtokea mara mbili tatu kwa mwaka, alikiri kwamba angeweza kuyakosa mahubiri ya Krismasi lakini siyo yale makofi.

Baada ya makofi ilikuja sheria. Halmashauri ilikuwa imepitisha sheria ndogo: kila kaya ikague migomba yake kila wiki, ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda na siyo kwa kisu, shina lililougua ling'olewe pamoja na vichipukizi vyake, na asiyetaka kung'oa, kamati ije imng'olee. Damian aliisoma sheria hiyo mnadani, akaisoma redioni, akaisoma hata msibani kabla jeneza halijateremshwa, mpaka paroko akamwomba siku nyingine amwache marehemu atangulie.

Mtu mmoja alikuwa na sababu ya kuikumbuka sauti ile kuliko wengine. Klaudia, jirani yake mjane, ambaye watu humwita Mama Joanitha, aliingiliwa na mnyauko kibanjani kwake, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, miaka miwili iliyopita. Mashina kumi na sita, yote ya mkono wa marehemu mumewe. Damian alimpa siku saba. Mama yule alipoushika mgomba mmoja kama mtu anayemshika mwenzake kwenye kivuko, Damian alimwambia, "Mama Joanitha, bakteria hana huruma na kumbukumbu." Aliipenda sentensi hiyo. Jioni aliiandika kwenye daftari lake isije ikampotea. Klaudia aling'oa, na mwaka uliofuata akagombea ukatibu wa kamati ya ukaguzi ya kitongoji akaupata. Tangu hapo alipita kila Jumatano na daftari, nyumba kwa nyumba. Kwa Damian aliishia njiani tu. Alisimama chini ya kibao, akaandika "safi", akaendelea.

Kibao chenyewe kilisema SHAMBA LA MFANO, kwa herufi ambazo Damian alizipaka mwenyewe, kubwa kiasi kwamba neno la mwisho lilikosa nafasi, likapinda kuelekea chini. Nyuma ya kibao kulikuwa na kibanja cha baba yake, Mzee Ndyamukama. Ukiwa barabarani huioni nyumba. Unaona kijani tu, na juu ya kijani moshi wa jiko. Ndani kuna kiza cha baridi, ardhi imefunikwa majani makavu yanayolainisha kila hatua, kahawa imejibanza chini ya migomba kama ndugu mdogo chini ya koti la mkubwa, na katikati ni kaburi la mzee mwenyewe, limezungukwa na mashina manne aliyoyapanda siku Damian alipozaliwa. Damian ndiye musika, mrithi aliyekabidhiwa kibanja mbele ya ukoo. Kila alipotoka kazini hakuingia ndani moja kwa moja. Kama wanaume wengi wa huku, kwanza alipita kibanjani na kusalimia migomba mmoja mmoja, hapa akiondoa jani lililokauka, pale akipunguza kichipukizi, kwa panga lile lile lililokuwa mkononi. Ilikuwa saa yake nzuri kuliko zote. Mke wake, Judica, alikuwa akisema kwamba mgomba unasalimiwa, ndipo mke naye anasalimiwa kama bado kuna pumzi.

Ni Judica aliyeuona ugonjwa kwanza, Jumapili moja ya Oktoba, baada ya misa.

"Baba Esther, ndizi zako leo zina kutu."

"Ndizi haina chuma, kutu itaipata wapi?"

"Mimi sikusomea kilimo. Nimeona kutu, nimesema kutu. Wewe uliyesomea, tazama."

Damian alitazama. Ndani ya ndizi, katikati kabisa, kulikuwa na madoa ya kahawia. Picha ya madoa kama hayo, ya rangi, aliwahi kuipitisha mbele ya mamia ya watu akisema hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuyatambua. Akala. Alikula sahani nzima, na ile iliyobaki kwenye sufuria, kana kwamba ushahidi ukiingia tumboni kesi inafutwa.

"Leo una njaa," Judica alisema, akimtazama.

"Zimeiva vizuri."

Jumatatu asubuhi alikwenda kutazama. Moja ya mashina manne ya kaburini lilikuwa na jani la njano lililokunjika kama mwavuli uliovunjika mbavu. Ni jua, alijiambia. Jua limekuwa kali. Au ni mbuzi, amejikuna pale. Au ni uzee wa shina. Sababu hizo hizo, mkulima alipomwambia, Damian aliziandika kwenye ripoti ya robo mwaka chini ya kichwa cha habari: Uelewa mdogo wa wakulima. Akatoa kisu kidogo cha mfukoni, akachanja. Ute ukatoka polepole, wa njano, bila haraka yoyote, kama mgeni anayejua kwamba atapokelewa.

Mashina saba. Manne ya kaburini yote, na matatu upande wa jikoni. Na Alhamisi ya wiki hiyo basi zima la wakulima kutoka kata nyingine, pamoja na wakubwa wa kilimo kutoka Muleba na Bukoba, lilikuwa linakuja kujifunza kutoka kwa shamba la mfano.

Jumanne alimpigia simu mdogo wake, Mugisha, anayeuza misumari na saruji mjini Bukoba, mtaa wa Miembeni. Mugisha alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kaka, mashina mangapi?"

"Saba. Manne ni yale ya kaburini kwa Tata."

"Hayo manne huyagusi."

"Sheria inasema..."

"Sheria uliisoma redioni, nilikusikia, nikabadilisha stesheni. Sikiliza. Kata majani ya njano, yafukie. Wageni wataona nini? Watatazama kahawa, watakunywa soda, watapiga picha na kibao chako kilichopinda, wataondoka. Nani atachanja mgomba wa mwenye nyumba?"

"Na ugonjwa ukienda kwa majirani?"

"Majirani! Mwaka jana waliazima ngazi yako wakaivunja. Kaka, Tata alikukabidhi kibanja, hakukukabidhi halmashauri. Ukiyang'oa yale, siku nikija kuzuru kaburi nitasimama wapi? Kwenye shimo?"

Damian aliona aibu kwamba maneno yale yalimpa nafuu. Alichukua panga, akawasha moto mdogo nyuma ya choo, akakata majani ya njano moja baada ya jingine, na baada ya kila jani akarudi kulichoma panga. Alizifuata kanuni zote za usafi katika kazi ya kuficha uchafu. Alipomaliza akasogea nyuma, akatazama. Migomba saba ilisimama kama watu walionyolewa harakaharaka kwa ajili ya picha ya kitambulisho.

Lakini jambo moja lilimkera kuliko hata ugonjwa: uliingiaje? Kibanja chake kilikuwa hakipokei mbegu kutoka nje. Ua dume alilivunja kwa kijiti, yeye mwenyewe, kila Jumamosi. Aliwashuku nyuki. Aliwashuku mbuzi wa Klaudia. Kwa dakika tano nzima aliwashuku wakwe zake, Walutheri wema wasiowahi kumkosea, kwa sababu tu walipita kibanjani siku ya Pasaka wakiwa na viatu vipya. Jumatano asubuhi, Judica alipokuwa amekwenda kisimani, aliamua kulichunguza jambo hilo kitaalamu. Alisimama katikati ya kibanja, peke yake, akalifanya onyesho lake tangu mwanzo, hatua kwa hatua, ili aone kosa liko wapi.

"Ndugu wakulima," aliiambia migomba. "Kwanza moto." Akachuchumaa mbele ya moto ambao haukuwapo. "Panga juani... hapana, panga motoni. Tunasubiri." Akanyamaza, na hata pale, bila mtu, akaufurahia ukimya. "Panga moja, moto mmoja, shina moja! Tunakata." Akakata hewa. "Mnaona? Huyo ndiye adui! Makofi." Akajipigia makofi, mawili matatu. "Nafuta panga. Narudisha kwenye ala. Nakunywa rubisi. Napanda pikipiki. Nafika nyumbani..."

Akabaki ameinua mkono, kama mtu aliyesahau anataka kumpungia nani.

Moto ulikuja kabla ya kukata. Kila mara, kabla. Baada ya kukata yalikuja makofi. Kwa miaka yote ile panga liliingia kwenye ala na ute wa mgomba mgonjwa, likalala humo, likasafiri nao, na jioni likatolewa kibanjani kwa baba yake kuondoa jani moja hapa na kichipukizi kimoja pale. Wakulima wake walisalimika, kwa kuwa kwao panga lilifika na kuchomwa kwanza, mbele ya hadhara. Mahali pekee ambapo bwana shamba hakuwasha moto palikuwa kwake, kwa sababu kwake hapakuwa na wa kumtazama. Cha ajabu ni kwamba ugonjwa ulichelewa kiasi hicho. Labda, aliwaza, hata bakteria aliona haya.

"Hongera, Bwana Shamba," sauti ilisema kutoka njiani. "Hata mimi ningepiga makofi, ila nimeshika daftari."

Klaudia alikuwa amesimama chini ya kibao, pale pale anaposimama kila wiki, kitenge kimefungwa vizuri, kalamu imechomekwa kwenye kilemba.

"Mama Joanitha. Umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu 'ndugu wakulima'. Nikajiuliza, nami ni ndugu mkulima, je niitikie? Unafanya mazoezi ya kesho, waitu, bwana wangu?"

"Ndiyo," alisema Damian. Halafu, kwa kuwa ile 'ndiyo' ilitoka kwa urahisi mno, akanyamaza, na safari hii hakuufurahia ukimya.

Klaudia alikwisha kufungua daftari. "Haya, nikupunguzie maneno. Niandike safi, kama kawaida?"

Kutoka pale alipokuwa hakuweza kuona kitu. Hakuwa amewahi kuvuka kile kibao na hakuwa na nia ya kuvuka. Neno moja tu, na kalamu ingetembea, na kesho soda zingenywewa, na yale mashina manne yangeendelea kusimama pale kwa Tata mpaka yaanguke yenyewe, na kabla hayajaanguka nyuki wangekuwa wameshapita mpaka kwa Klaudia, ambaye migomba yake mipya ilikuwa ndiyo kwanza inatoa maua. Damian aliliona hilo lote waziwazi. Aliona pia daftari lake mwenyewe, na ile sentensi yake nzuri aliyoihifadhi.

"Usiandike," alisema.

"Kalamu ninayo na leo ni Jumatano, lazima niandike kitu."

"Basi andika mnyauko. Mashina saba. Ingia uone."

Klaudia alimtazama kama mtu anayengoja mzaha uishe. Alipoona hauishi, alivua ndala, akaziacha chini ya kibao, akaingia. Alishika shina, akatazama juu, akapiga magoti, akafukua matandazo kwa mkono, akayatoa majani ya njano yaliyofukiwa, akayaweka pembeni. Alipofika upande wa kahawa Damian alijaribu kumpeleka haraka.

"Unanipitisha kwenye kahawa kama mgeni wa kutoka Bukoba," alisema. "Ngoja. Hili nalo. Na lile pale. Umesema saba, Bwana Shamba. Ni tisa."

"Tisa," alisema Damian.

"Umeletewa na nani?"

Alimweleza. Moto kabla, makofi baada, ala, pikipiki. Alieleza yote akitazama vidole vya miguu vya Klaudia. Alipomaliza alisikia kitu kama kikohozi, akainua macho. Mama yule alikuwa amejiziba mdomo kwa daftari la ukaguzi na mabega yanamtikisika.

"Cheka tu, Mama Joanitha."

"Sicheki, waitu. Nakohoa." Akakohoa muda mrefu. Kisha akapangusa macho, na uso ukarudi ule wa kazi. "Mimi ulinipa siku saba."

"Nilikupa."

"Lakini una wageni kesho. Basi una siku moja. Jembe lako liko wapi?"

Judica aliporudi na ndoo kichwani aliwakuta wameshashusha mashina matatu ya jikoni. Aliitua ndoo, akaambiwa kwa maneno machache, akasema, "Kumbe ilikuwa kutu kweli," akaingia ndani kubadilisha gauni. Walifanya kazi watatu mpaka mchana. Baada ya kila shina Klaudia alinyoosha kidole kuelekea motoni, na Damian akaenda kuchoma panga, akarudi, akaenda, akarudi, bila mtu wa kumpigia makofi.

Yale manne waliyaacha mwisho. Damian alisimama na jembe mbele ya kaburi la baba yake, akatambua kwamba anaingoja ile sentensi ya bakteria na kumbukumbu. Klaudia alikuwa na haki nayo. Damian mwenyewe angeisema, kama angekuwa Klaudia, na angeisema kwa sauti ya mikutano. Alijiandaa kwa ajili yake kama mtu anavyojiandaa kwa sindano.

Klaudia alikanyaga udongo kwa mguu, akaupima. "Mzee wako alipanda kwa kina," alisema. "Chimba zaidi."

Akachimba. Machozi yalipomjia alisingizia moshi, na wanawake wale wawili, ambao waliuona upepo unapuliza moshi upande wa pili kabisa, wakamkubalia.

Alhamisi basi lilifika saa nne. Mkuu wa msafara, kijana nadhifu mwenye viatu visivyofaa matope, alisoma kibao, akatazama nyuma yake, akasoma kibao tena.

"Samahani mzee. Shamba la mfano liko wapi?"

"Ni hili," alisema Damian.

Akawaeleza, wakulima arobaini na wakubwa watano, mbele ya mashimo tisa. Alijaribu kutumia sauti ya mikutano ikakataa kutoka, ikabidi atumie ile ya nyumbani, kwa hiyo watu wakasogea karibu. Alipofika kwenye makofi, mzee mmoja wa mbele alinyoosha mkono.

"Waitu, nataka kuelewa. Wewe ulikuja kwetu mwaka juzi. Ina maana pale tulipokuwa tunapiga makofi, ndipo ulipokuwa unaubeba ugonjwa kuupeleka kwako?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi tusamehe. Tungejua tusingepiga."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati, na Damian akajikuta na yeye anacheka, mikono kiunoni, kando ya kaburi la baba yake. Mkuu wa msafara alitaka wahamie shamba jingine kulingana na ratiba. Watu hawakutoka. Waliuliza maswali kwa saa mbili nzima, maswali ya kweli, ya visu vya watoto, ya wavunaji wa kukodi, ya wanunuzi wanaokuja na mapanga yao. Walipokuwa wanapanda basi, mama mmoja alimvuta Damian kando akamnong'oneza kwamba kwake pia kuna majani aliyoyafukia, je, afanyeje.

Mugisha alikuja Jumamosi, amekasirika tangu stendi. Alisimama kaburini, akazunguka mashimo manne, akatafuta pa kuanzia kugomba. Mwisho akasema, "Pamepata jua," akaomba maji ya kunywa.

Sheria inataka miezi sita bila mgomba mpya pale. Judica alipanda maharage. Asubuhi moja alitoka na kikombe cha chai, akasimama mlangoni, akaita.

"Baba Esther, njoo uone."

Kati ya migomba iliyobaki, pale yalipokuwa mashina manne, pamefunguka uwazi, na ndani ya uwazi huo, chini kabisa ya mteremko, kulikuwa na ziwa. Jembamba, la kijivu, linang'aa upande mmoja.

"Miaka ishirini na saba nimeolewa hapa," alisema Judica, "sikujua tunaishi ziwani."

Damian alilitazama akiwa na mswaki mdomoni na fulana ya ndani iliyotoboka mgongoni. Alitazama muda mrefu, kifua kimemjaa kitu ambacho hakukitafutia sentensi. Ndipo akagundua kwamba ziwa halikuwa limefunguka peke yake. Njia ya kwenda kisimani nayo ilionekana yote, na kwenye njia hiyo walikuwapo wanawake watatu na ndoo zao, wamesimama, wanamwona bwana shamba alivyo.

"Shikamoo, Bwana Shamba!" mmoja aliita, akijikaza asicheke. "Migomba imekwenda wapi?"

Damian akautoa mswaki mdomoni, akatema povu kando, akaanza kueleza.